Nahodha kagawa ufagio na ngao, mchezo umekufa. Nshachoka!

Assalaam aleikum wana jukwaa.

Nimejizuia muda, leo naandika. Mwenye kutaka maneno matamu apite uzi mwengine.

Sisi ni kundi la Chake Chake. Tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa kusimulia kisa kwa dadu, kila mtu na mhusika wake) barazani Alhamisi usiku, baada ya Isha, kwa toleo la tano, lile lililotoka 2014. Kitabu chetu ni kurasa za fotokopi kutoka steshenari, madadu tuliletewa na mtu aliyekuja kutoka Dubai, na umeme ukikatika tunacheza kwa tochi za simu. Hatulalamiki kwa hayo. Nnacholalamikia ni mkono wa nahodha wetu.

Nahodha (ndivyo tunavyomwita anayeendesha mchezo) kwa kusimulia ni fundi, simnyimi haki yake. Katutungia kisa kizima ndani ya ngome ya Mkama Ndume kule Pujini, na akianza kuieleza ile ngome usiku unasahau kama mchana ni magofu tu. Lakini kwenye kugawa vifaa vya kichawi hana breki. Kila mzuka tuliouua ulikuwa na sanduku, na kila sanduku lilikuwa na kitu kinachong'aa. Ukimuuliza anakwambia, "Kitabu kimeruhusu."

Na kweli kimeruhusu! Hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia.

Tuchukue ufagio wa kuruka. Kitabu kimeuweka ngazi ya pili ya uadimu kutoka chini, bei yake sarafu za dhahabu 101 hadi 500, na mhusika wa daraja la 1, anayeanza tu, anaweza kupewa. Unaruka futi 50 kwa zamu, unabeba hadi ratili 400, hauna kikomo cha muda, wala hauchukui hata nafasi moja katika zile tatu ambazo mhusika anaruhusiwa kujifungamanisha na vifaa vyake (vyengine havikupi nguvu zake mpaka ujifungamanishe navyo). Sasa fungua ukurasa wa dawa ya kuruka. Dawa, yakhe. Unakunywa mara moja, unaruka saa moja, imekwisha. Hiyo imeandikwa "adimu sana", na vya ngazi hiyo kitabu kinashauri vianze kutoka daraja la 11. Zulia la kuruka nalo liko hukohuko juu na dawa, ilhali zulia kubwa kuliko yote linakwenda futi 30 tu. Yaani ufagio unalipita zulia hilo mbio, na unapatikana kwa bei ya kutupa. Nani alikaa akapanga hivi? Na huku kwetu wachawi hata ufagio hawaujui, wao na ungo wao.

Sasa sikieni lililotukuta. Kuna dada kwenye kundi anacheza mwizi. Tangu mwanzo kamjenga kwa kazi moja: kupanda kuta, kufungua makufuli, kupita pasipopitika. Tukafika kwenye ukuta wa ngome. Handaki chini, walinzi juu, kamba tunayo moja. Dada akaanza kuhoji. Mawe yameachana kiasi gani? Mlinzi wa pembeni ana taa? Mwezi umetoka? Baraza zima kimya, hata kahawa ilipoa. Dadu la pande ishirini lishakuwa kiganjani mwake. Mara bwana wa ufagio huyo: "Ah, mie naruka." Akaruka. Kisha akarudi kutubeba mmoja mmoja kama bodaboda wa stendi. Hakuna dadu lililorushwa. Walinzi walikuwa wanatazama chini, ndivyo nahodha alivyokwisha kueleza, na hakutaka kula maneno yake. Dada akaliweka dadu mkekani, akatoa simu, na usiku ule kila zamu yake ikifika alikuwa anasema "napita".

Ikiwa hilo halitoshi, lipo la ngao.

Ngao kapewa shemeji wa nahodha. Nasema tu, sitafsiri. Shemeji ndiye anayeleta halua na kashata, kwa hiyo hakuna wa kumgusa. Mpiganaji wake alikuwa na deraya kamili, namba ya kinga (ile adui anayopaswa kuifikia ndipo akupige) 18, na ngao ya kawaida inayoongeza 2. Jumla 20, hapo sina ugomvi naye, katolea jasho. Nahodha akambadilishia ngao ikawa ya kichawi, ya +2 juu ya ile 2 ya kawaida. Halafu pete ya kinga, +1. Halafu joho la kinga, +1. Mtu wa daraja la 5 anatembea na 24!

Watu wananambia "nne tu hizo, unapigia kelele nne?" Haya, tufanye hesabu. Goblini, kile kijitu adui, anashambulia kwa +4, yaani anaongeza 4 kwenye dadu la pande ishirini. Kwa kinga ya 20 anahitaji 16 au zaidi kwenye dadu, maana yake mapigo matano katika ishirini yanaingia. Kwa 24 anahitaji 20 kamili. Pigo moja katika ishirini. Nne "tu" zimepunguza mapigo mara tano. Toleo hili limejengwa kwa namba ndogo kwa makusudi: nyongeza ya ujuzi, ile mhusika anayoongeza kwenye dadu kwa jambo analolijua, inaanza 2 daraja la 1 na inaishia 6 daraja la 17. Mhusika anahangaika mchezo mzima kupata nne. Shemeji kapata nne zake kwenye masanduku.

Na ile sheria ya vifaa vitatu haikusaidia kitu. Pete na joho zinachukua nafasi mbili, ngao haichukui. Bado ana nafasi moja wazi, na nnajua nahodha anaitafutia cha kuijaza.

Kilichofuata ndicho kilichoniudhi kuliko vyote. Nahodha akaona maadui wake hawamgusi shemeji. Badala ya kupunguza vifaa, kaongeza maadui. Sasa tunaletewa majitu yanayopiga kwa +11. Kwa shemeji mwenye 24 yanahitaji 13, yaani yanapata mara nane katika ishirini. Sawa, mchezo umerudi kwa shemeji. Lakini mwizi wetu ana kinga ya 14. Kwake yanahitaji 3! Mara kumi na nane katika ishirini. Dawa ya ugonjwa wa shemeji tunaimeza sie wengine. Mie ni mganga wa kundi, zamu zangu zote sasa ni kuokota watu chini. Sijarusha nyundo yangu sijui tangu lini.

Msinielewe vibaya, vifaa vya kichawi navipenda. Kuna fimbo isiyosogea: unabonyeza kitufe, inaganda hewani palepale, inahimili ratili 8,000. Ngazi yake ni ileile ya ufagio. Ileile! Lakini mpe yule dada fimbo mbili zile pale chini ya ukuta uone. Angezigandisha moja juu ya nyengine na kupanda nazo, na bado angepaswa kuhesabu mlinzi, taa, kelele, na dadu lingerushwa. Fimbo inakupa la kufikiri, ufagio unakuondolea. Kitabu kinaviweka kapu moja, na nahodha anagawa kwa kusoma lebo ya kapu bila kujiuliza kitu hiki kinampokonya nani kazi yake pale barazani. Kama kuna mtu kazi yake ni kupanda, usigawe mbawa. Na kama lazima, gawa kitu kinachokwisha: dawa, karatasi ya uchawi ya kusoma mara moja, kifaa chenye chaji za kuhesabika zisizorudi. Kikikosewa, wiki ya pili kimeshaliwa.

NYONGEZA: Nimesoma majibu.

Aliyesema nna wivu: nyundo yangu ni ya kawaida na sijaomba nyengine. Soma tena uone nnamtetea nani.

Aliyesema "ni mchezo tu": ndiyo, ni mchezo, ndiyo maana nataka tucheze sote.

Aliyesema sheria hatuzijui kwa kuwa kitabu ni fotokopi: sheria za msingi ziko bure mtandaoni, tangu Januari 2023 zimewekwa chini ya leseni huria, na ufagio umo. Nenda kasome, kisha urudi.

Aliyesema tuache mambo ya uchawi turudi kwenye bao, sina jibu lake, na nnamuheshimu.

Na wewe uliyesema nahodha avinyang'anye vyote kwa mkupuo, aje mwizi wa usiku abebe: hapana. Tulishawahi kufanyiwa hivyo na kundi karibu livunjike, maana mtu ukishampa kitu mkononi ni chake. Nnalotaka kumwambia Alhamisi ni ufagio ule uchukue nafasi ya kujifungamanisha na uruke dakika kumi kwa siku, shemeji achague baina ya pete na joho, na majitu ya +11 yarudi yalikotoka. Shemeji atanuna. Anune.

Manahodha wa Unguja, nyie mnaoendesha makundi ya watu wengi: mchezaji akishafika 24 mnamshusha vipi bila ya kuwaua wenziwe? Nataka namba, nasaha nnazo za kutosha.