Enkoda gani nifunge kwenye lethi ndogo: palsi 100, 600 au 1024?

Kereza256
Wakuu habari zenu. Niko Kampala, nina lethi (mashine ya kukereza) ndogo ya Kichina nyumbani, ile ya gia za plastiki na lidiskruu (skrubu ndefu inayosogeza kisu) ya 1.5 mm kwa mzunguko, kazi nyingi ninazoletewa ni za mabomba ya nusu inchi, yaani thredi (meno ya skrubu) 14 kwa inchi, na kupanga gia kila mara kumenichosha, sasa nataka nitoe gia zote nifunge stepa mota (inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, yaani stepu) kwenye lidiskruu halafu enkoda, kile kifaa kinachotoa palsi kadiri shafti inavyozunguka, isome spindo (shafti inayozungusha kazi). Stepa na draiva ninazo, nimeseti stepu 1600 kwa mzunguko. Enkoda ndo inanisumbua, palsi nyingi ndo usahihi zaidi au? Na waya wa Z, ule wa palsi moja kila mzunguko, ni lazima? Bodi yangu ni Arduino Uno.

MzeeWaGia
Piga hesabu kwanza ssebo. Thredi 14 kwa inchi ni 1.814 mm, kwa hiyo spindo ikizunguka mara moja lidiskruu yako inatakiwa izunguke kama 1.21, hizo ni stepu 1935 hivi. Enkoda ya palsi 100 kwa mzunguko, ukisoma waya zake mbili za palsi, A na B, zikipanda na zikishuka unapata 400, maana yake kila hesabu mota inadaiwa stepu karibu 5 kwa mpigo mmoja, itakuwa inaruka ruka na utaisikia inanguruma vibaya. Ya 600 inakupa 2400, hapo ni chini ya stepu moja kwa kila hesabu, inatembea laini. 1024 inakupa 4096, nzuri ila kwa lethi ya nyumbani tofauti huioni. Chukua 600, pesa iliyobaki nunua kisu cha thredi cha maana.

stima_na_chuma
Naungana na mzee ila hiyo Uno iache. Spindo ikiwa 2500 kwa dakika, enkoda ya 600 inatoa palsi 25,000 kwa sekunde, ukihesabu kingo zote ni 100,000, Uno itapotea njiani. Najua hakuna anayekata thredi kwa spidi hiyo, lakini hesabu ikipotea hata mara moja kisu hakirudi kwenye mfereji wake. Tafuta bodi ya STM32 au ESP32, hizo zina kihesabio cha enkoda ndani ya chipu yenyewe, programu haisumbuki.

Kitu kingine, hizi enkoda za 600 za bei nafuu nyingi ni NPN, zinavuta waya chini tu, hazisukumi juu. Ipe 5V, halafu A na B ziwekee rezista ya 4.7k kila moja kwenda 3.3V ya bodi. Usipoziweka utapima uone kimya udhani umeuziwa mbovu. Na kama lethi yako ina invata (kifaa cha kubadili spidi ya mota), tumia waya wenye wavu wa kuzuia kelele za umeme, upitishe mbali na waya za mota.

Kereza256
Banange, kumbe rezista! Asanteni. Sasa Z? Maana huku kwetu umeme ukikatika katikati ya thredi...

MzeeWaGia
Z ni nzuri kuwa nayo, ukiwasha tena inakuonyesha spindo imesimama wapi.

stima_na_chuma
Mzee hapo tutofautiane kidogo. Z inakwambia spindo tu, lidiskruu ilisimama wapi haikwambii, na kisu kinafuata lidiskruu. Umeme ukikatika utaingiza kisu kwa mkono kwenye mfereji uleule, uwe na Z usiwe nayo. Cha muhimu ni puli mbili za meno sawa, moja kwenye spindo moja kwenye enkoda, mkanda wa meno, usioteleza. Usiunganishe enkoda moja kwa moja nyuma ya spindo, utaziba tundu la kupitishia bomba na hizo ndo kazi zako. Mkanda usiukaze sana, beringi za enkoda ni ndogo. Nyingi shafti yake ni mm 6, kwa hiyo pima kabla hujatuma mtu kwa mafundi wa Katwe akakukerezee puli.

MzeeWaGia
Hapo kwa lidiskruu umenishika, sawa. Ila puli akereze mwenyewe bwana, si ana lethi?