Mabeki wa United Wanasingiziwa: Misimu Minane Mfululizo Inaonyesha Tatizo Liko Wapi

Ndugu zangu wapenzi wa Manchester United,

Nimevumilia tangu usiku ule wa Mei 21, 2025 kule Bilbao, tulipopoteza fainali ya Ligi ya Europa, nikitarajia kwamba hasira zingepungua na watu wangeanza kuzungumza kwa utulivu, lakini kila ninapofungua mjadala nakuta maneno ni yaleyale: hatuna mabeki, wauzwe wote, waletwe wengine. Nimeyachoka maneno haya. Nayasikia tangu mwaka 2019, klabu imeyatii kwa mabilioni ya shilingi, na matokeo yake ni kwamba msimu wa 2024/25 tulimaliza nafasi ya 15 kwa pointi 42, tukafungwa mabao 54 katika ligi, na tukapigwa mara nne na Tottenham iliyomaliza nafasi ya 17, ikiwemo fainali yenyewe ya Europa. Mtu akimeza dawa ileile kwa miaka sita na homa haishuki, jirani mwenye busara humshauri apime upya.

Naomba tuanze na msimu wa 2017/18, ambao naona wengi wameusahau kwa makusudi. Mwaka ule, chini ya kocha José Mourinho, tulifungwa mabao 28 tu katika mechi 38 za ligi na tukamaliza wa pili kwa pointi 81. Ukuta ule ulikuwa wa nani? Walikuwa Chris Smalling na Phil Jones, watu tuliowacheka kila wiki, na pembeni walikuwa Antonio Valencia na Ashley Young, ambao wote wawili walisajiliwa kama mawinga na baadaye wakageuzwa mabeki, na msimu ule walikuwa wamekwisha kupita miaka thelathini. Nyuma yao alikuwepo kipa David de Gea katika kilele cha uwezo wake, hilo silikatai hata kidogo, na mbele yao alikuwepo Nemanja Matić ambaye kazi yake ilikuwa kusimama pale kati na kutoondoka. Soka lenyewe lilikuwa la kuchosha, nakiri, na zipo mechi ambazo nililala kabla ya mapumziko. Lakini timu ilikaba kama timu: mistari ilikaribiana, na beki alipopitwa alikuwepo mtu wa kumsaidia.

Msimu uliofuata, kundi lilelile, na De Gea yuleyule langoni, liliruhusu mabao 54. Kutoka 28 hadi 54! Mourinho alifukuzwa Desemba 2018, Ole Gunnar Solskjær akaingia, timu ikaanza kufunguka na kushambulia kwa kasi, na mabao yakaendelea kuingia langoni mwetu. Nawaomba wale wanaosema kila kitu ni uwezo wa mchezaji waniambie: Smalling alipoteza kipaji chake katika miezi gani? Je, aliugua? Au miguu yake ilibadilishwa usiku akiwa amelala?

Sasa, sitaki kuwa mtu anayeficha ushahidi unaompinga, kwa hiyo niseme wazi kwamba kiangazi cha 2019 kinawapa wapinzani wangu hoja yao nzuri kuliko zote. Klabu ilimnunua Harry Maguire kwa pauni milioni 80, bei ambayo hakuna beki aliyewahi kununuliwa kwayo, ikamnunua pia Aaron Wan-Bissaka, na mabao ya kufungwa yakashuka hadi 36. Hapo wachezaji walisaidia, na asiyekubali hilo ni mbishi tu. Lakini endeleeni kuhesabu. Msimu wa 2020/21 yakawa 44. Kisha mwaka 2021 akaja Raphaël Varane, bingwa wa dunia, mwenye makombe manne ya Ligi ya Mabingwa aliyoyatwaa na Real Madrid, na kwa mantiki ya wenzangu ukuta ulipaswa kuwa wa chuma. Tulifungwa 57. Liverpool walikuja Old Trafford Oktoba ile na kuondoka na mabao matano kwa bila.

Kilichobadilika msimu ule kilikuwa mbele. Timu ilijaza washambuliaji wasiorudi kukaba, viungo wakawa wanakimbizana na watu wawili wawili kila mmoja, na beki wa kati akawa anakutana na mshambuliaji anayekuja uso kwa uso kwa kasi, uwanja ukiwa wazi kushoto na kulia. Hakuna beki duniani anayependeza katika hali hiyo. Varane hakuonekana mzuri, Maguire akageuzwa kichekesho cha mitandao, na sisi, badala ya kutazama mita thelathini zilizokuwa tupu mbele yao, tukaanza kutafuta beki mwingine wa kununua.

Akaletwa Lisandro Martínez mwaka 2022, na pamoja naye kiungo Casemiro, na mabao yakashuka hadi 43. Wengi walimsifu Martínez, na alistahili sifa, lakini mimi naamini aliyeziba tundu alikuwa Casemiro, ambaye mwaka ule bado alikuwa na pumzi. Ushahidi wangu ni msimu uliofuata: kocha Erik ten Hag aliamua timu ikabie juu zaidi, washambuliaji wakapanda kukaba, mabeki wakabaki chini kwa kuogopa kukimbizwa, na kati yao likabaki bonde ambalo Casemiro mmoja alitakiwa kulilinda. Mabao yakawa 58. Katika makundi ya Ligi ya Mabingwa tulifungwa 15 kwa mechi sita na tukashika mkia. Tarehe 6 Mei 2024, mabeki wengi wakiwa majeruhi, Casemiro huyohuyo alipangwa beki wa kati sambamba na Jonny Evans, na Crystal Palace wakatupiga nne bila majibu. Siku ile watu waliandika kwamba Casemiro amekwisha. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa amekaa mahali pake.

Nafika kwa Ruben Amorim, kocha aliyekuja baada ya Ten Hag, na hapa ndipo hasira yangu hasa ilipo. Kabla hajaanza kazi, timu ilikuwa imecheza mechi 11 za ligi, tisa chini ya Ten Hag na mbili chini ya Ruud van Nistelrooy, ikicheza na mabeki wanne, na ilikuwa imefungwa mabao 12. Haikuwa inafunga, ilikuwa inaudhi, lakini ilikuwa inafungwa wastani wa bao moja na kidogo kwa mechi. Baada ya kuanza mfumo wa mabeki watatu, katika mechi 27 zilizobaki tulifungwa 42 na kupoteza 14. Mabeki walikuwa ni walewale. Beki Matthijs de Ligt wa Septemba na De Ligt wa Januari ni mtu mmoja, na kwa hesabu yoyote ile mabeki watatu wa kati ni wengi kuliko wawili. Iweje basi tuongeze beki na tufungwe zaidi?

Jibu nililiona vizuri Desemba 30, 2024 dhidi ya Newcastle, na naomba anayebisha airudie mechi ile kwa macho yake. Bruno Fernandes alikuwa nje kwa kadi nyekundu aliyoipata kwa Wolves, na kati wakapangwa Casemiro na Christian Eriksen, wote wawili wakiwa na miaka 32, dhidi ya viungo watatu wenye nguvu za kukimbia siku nzima. Wawili kwa watatu. Kila Newcastle walipopata mpira, mmoja wao alikuwa huru. Beki wa kati akitoka kumfuata, anaacha uwazi nyuma yake. Akibaki, yule mtu anageuka na kuchagua pa kupitisha mpira. Mabeki wa pembeni, ambao katika mfumo ule ndio waliokuwa mawinga wetu pia, walikuwa katika mtego kama huo: wakipanda, wanaacha njia; wakikaa, tunakuwa watu watano waliojipanga kwenye mstari mmoja huku krosi zikipigwa bila bughudha. Dakika ya 4 Alexander Isak alifunga kwa kichwa, dakika ya 19 Joelinton akafunga kwa kichwa, zote krosi. Katika kibanda umiza nilichokaa mimi, watu walimtukana Maguire mpaka sauti zikawakauka. Kocha, kwa upande wake, alimtoa Joshua Zirkzee dakika ya 33 na kumwingiza kiungo, Kobbie Mainoo. Yeye mwenyewe alionyesha kwa mikono yake palipokuwa panavuja, nasi bado tunamtukana Maguire.

Kuna na suala la kona, ambalo nitalipitia kwa haraka kwa sababu linaniumiza tumbo. Katika mwezi huohuo wa Desemba, Arsenal walitufunga mabao mawili ya kona, Nottingham Forest wakatufunga la kona dakika ya pili, Son Heung-min akatufunga kwa kona iliyoingia moja kwa moja, na Matheus Cunha wa Wolves naye akafanya hivyohivyo. Na mabeki wetu walikuwa kina Maguire na De Ligt, watu ambao maisha yao yote wamelipwa kwa ajili ya vichwa vyao. Kupanga watu kwenye kona ni kazi ya uwanja wa mazoezi, na ratiba ya mwezi ule haikuacha hata siku mbili za kufanya mazoezi ya maana. Hilo ni tatizo la kuleta kocha wa mfumo tofauti kabisa katikati ya msimu, na aliyelipanga hilo hakuvaa jezi.

Mtaniambia kwamba mfumo huo umefanikiwa kwingine. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi kwamba mabeki watatu ni dhambi. Amorim alitwaa ubingwa wa Ureno mara mbili akiwa na Sporting kwa mpango huohuo. Antonio Conte alibadilisha kwenda mabeki watatu baada ya kupigwa tatu na Arsenal mwezi Septemba 2016, akashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kuchukua ubingwa na Chelsea. Mtazameni David Luiz wa msimu ule: beki aliyedhihakiwa Uingereza nzima, akawekwa katikati ya watatu, akawa kama profesa. Victor Moses, winga aliyekuwa akizungushwa kwa mkopo, akawa mlinzi wa pembeni wa bingwa. Lakini mbele yao alikuwepo N'Golo Kanté, ambaye peke yake alikuwa watu wawili, na pembeni mwake alikuwa Matić. Ukitaka wawili wafanye kazi ya watatu, lazima uwe na wawili wa aina hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi unauma zaidi. Crystal Palace ya kocha Oliver Glasner ilicheza umbo lilelile tulilocheza sisi, na Mei 17, 2025 walimfunga Manchester City na kubeba Kombe la FA, kombe kubwa la kwanza katika historia yao. Februari walikuja Old Trafford wakatufunga mawili, siku ambayo Martínez aliumia goti. Najua atatokea mtu wa kusema kwamba nao walifungwa mabao 51 katika ligi; naam, lakini walianza na mechi nane bila ushindi, kisha wakajirekebisha, wakati sisi tulikuwa tunazidi kuzama. Ukichukua Daniel Muñoz na Tyrick Mitchell wa Palace, utaona mabeki wa pembeni walioumbwa kwa kazi ya kupanda na kushuka dakika tisini. Sisi kushoto tulimchezesha Diogo Dalot, anayetumia mguu wa kulia, kwa miezi, hadi Patrick Dorgu alipoletwa kutoka Lecce.

Hapo nawapa wenzangu haki yao. Pembeni hatukuwa na watu wa kutosha kwa mfumo ule, na langoni hali ilikuwa mbaya. Kipa André Onana alitugharimu mabao yote mawili kule Lyon mwezi Aprili, na hakuna mchoro wa kocha unaoweza kumtetea kwa lile la dakika za nyongeza. Kipa si mfumo. Lakini tofautisheni mambo: kukosa kipa na kukosa wakimbiaji wa pembeni si sababu ya kumfukuza kila beki wa kati aliyepita mlango wa Old Trafford, kama tulivyofanya kwa zamu tangu enzi za Smalling.

Mabao yetu ya kufungwa kwa misimu minane ni 28, 54, 36, 44, 57, 43, 58 na 54. Anayeamini kwamba tatizo ni mabeki aniwekee kando ya kila namba jina la beki aliyeisababisha ipande au ishuke, nami kando yake nitaandika ni nani alikuwa anacheza mbele ya mabeki mwaka huo, kisha tuone orodha ya nani inalingana na namba.

Dirisha la usajili la kiangazi cha 2025 lilipoanza, wa kwanza aliyekubalika kuletwa, kwa pauni milioni 62.5, alikuwa Matheus Cunha, yuleyule wa kona ya Wolves. Ni mchezaji mzuri, sina ugomvi naye. Anacheza mbele.