Mvua ya mwaka imenichezea tena, niache mahindi?

MamaMarafa: Hamjambo wadau. Nalima Marafa, Kilifi, ekari 3, nategemea mvua tu. Zamani kusi likianza kuvuma mwezi wa 4 jembe liko shambani na tulikuwa hatukosei. Saa hii inanyesha siku mbili unapanda, mahindi yakifika goti mvua imekatika, majani yanajikunja kama jamvi. Nimerudia mbegu mara 2 na mbegu ni pesa jamani. Nigeuze kabisa? Nyumbani bila sima watoto hawahesabu kama wamekula.

Hindi_Lamu: Pole sana mama. Usiache, punguza. Mimi ekari 1 tu mahindi, mbegu ya DH04, hiyo inawahi, kwengine pojo na muhogo. Pojo siku 65 hivi unachuma, mvua ikikatika mapema ishafunga. Na usipande kwa mvua ya kwanza, hapo ndipo nilipoumia mimi. Chimba na jembe, ubichi ukishuka shibiri nzima ndio utie mbegu.

SabakiChini: Na mwenye kukaa karibu na maji pia analia. 2020 hadi 2022 misimu 5 mfululizo mvua ilikosa, halafu vuli ya 2023 mto Sabaki ukafurika, ndizi zangu zikalala zote na mota ya maji nikaifukua kwenye matope. Ni bahari hii, ikipata joto upande wetu kuliko wa Indonesia vuli inazidi, ikigeuka tunakauka. Siku hizi mto nauachia mboga za miezi miwili, miti nimepandisha juu.

PateKisiwani: Huku visima vyataka kuwa chumvi, ila wazee walituachia jabia, sakafu pana yenye mteremko inateremsha mvua shimoni. Mama hata shimo la kutandika plastiki nzito litakutosha kwa mchicha na miche ya miembe, mahindi hapana, maji hayatafika.

MamaMarafa: Ahsanteni sana wanangu. Muhogo nilishajaribu ukaoza ndani, nje mzuri kabisa.

Hindi_Lamu: Huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia mama, unakuja na vijiti vya kupandia. Kabla hujachukua vijiti kwa jirani ng'oa shina moja ukate muhogo wake, ukiona mabaka makavu ya kahawia usipande hata kimoja. Ulizia mbegu ya muhogo ya Tajirika au Shibe, ni za watafiti wa Mtwapa, zinavumilia.