Naomba ushauri: mwanafunzi kaniuliza kuhusu Wajerumani, nimekwama

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia kidato cha tatu. Jana niliandika ubaoni sababu za ukoloni kama kawaida: malighafi, masoko, mahali pa kuwekeza mitaji. Binti mmoja wa nyuma kanyoosha mkono: "Mwalimu, Karl Peters alikuwa na kiwanda gani?" Darasa likacheka, kengele ikaniokoa. Ijumaa nina kipindi nao tena. Nimjibu nini?

Kobe wa Pangani: Huyo binti mpe zawadi. Peters, aliyeanzisha ukoloni wa Kijerumani huku kwetu, hakuwa na kiwanda. Alikuwa msomi wa miaka 28, aliwahi kukaa London kwa mjomba wake, akaona Waingereza wanavyotamba na himaya yao, wivu ukamshika. Novemba 1884 yuko Usagara na mikataba ya Kijerumani, chifu Mangungu wa Msowero anatia alama. Bismarck, kansela wa Ujerumani, hakuwa amemwahidi ulinzi wowote. Mkutano wa Berlin ukafungwa 26 Februari 1885, kesho yake Kaiser akampa hati ya ulinzi. Hapo ni utaifa na kugombea ukubwa.

Mpingo: Taratibu mkuu. 1888 kampuni ya Peters ilichukua forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Ushuru huo ni utaifa? Abushiri, kiongozi wa uasi wa pwani, hakuinuka bure.

Kobe wa Pangani: Sijaukataa uchumi. Lakini kampuni ilipozidiwa na uasi huo, Bismarck alihitaji hela za bunge ili amtume afisa Wissmann na askari. Kuomba kwa ajili ya wafanyabiashara kungekuwa kazi ngumu, basi ikasemwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Chama cha Wakatoliki kikaunga mkono, mwanzoni mwa 1889 zikapita marki milioni 2. Desemba Abushiri kanyongwa, hapa hapa Pangani.

Bi Mkubwa: Na utumwa wenyewe je? Mjerumani hakuufuta! Amri ya 1904 ilisema tu watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru. Wazazi wao wakabaki walivyo. Ulipigwa marufuku 1922, Mwingereza keshachukua nchi. Mwanangu, andika ubaoni 1889, 1904, 1922, kisha nyamaza. Watakuuliza wenyewe.

Mwalimu wa Zamu: Shikamoo Bi Mkubwa, nimekupata. Shida ni msahihishaji wa mtihani, yeye anataka malighafi.

Mpingo: Malighafi aya ya kwanza, Peters aya ya pili. Binti atapata maksi zake zote.

Bi Mkubwa: Marahaba. Ijumaa jioni urudi utuambie kauliza nini tena.