Epson LX-300+ kwenye SCO ya zamani: nitengeneze poti ya paralali, nihamie siriali au ninunue kisanduku cha mtandao?

karani_wa_stoo
Wakuu, heshima kwenu. Dukani kwetu (vipuri vya magari, jumla) programu ya stoo bado iko kwenye SCO OpenServer 5.0.5 (Unix ya zamani), na ankara za nakala tatu zinatoka kwenye LX-300+ (printa ya pini) kwa waya wa paralali. Tangu umeme ukatike wikiendi, printa inachapa herufi chache, inanyamaza, inachapa tena. Ankara moja dakika sita, mteja amesimama kashika bolijointi mkononi! Waya nimeshabadilisha, wapi. Njia ni tatu kama kichwa kinavyosema. Ipi ina nafuu?

mzee_pini25
Usinunue kitu kwanza. Ingia kama root (msimamizi mkuu), simamisha foleni kwa `/usr/lib/lpshut`, kisha `cat /etc/group > /dev/lp0`. Hapo umemruka lpsched (msimamizi wa foleni), faili linaenda moja kwa moja kwenye poti. Ikitoka mbio, ugonjwa uko kwenye foleni au skripti ya printa. Ikijikongoja vilevile, uko chini: waya, poti au intarapti (ishara ya poti kuishtua kompyuta).

karani_wa_stoo
Inajikongoja vilevile. Lakini `hwconfig` inaonyesha parallel kwenye anwani 0x378, vekta (namba ya intarapti) 7, kwa hiyo poti si iko sawa?

mzee_pini25
Hapo ndipo wengi wanateleza. hwconfig inakwambia kaneli (kiini cha Unix) imeambiwa nini, haikwambii BIOS (programu ya kuwashia mashine) imeipanga poti vipi. Printa ikishapokea herufi inashtua pini ya 10, poti inapiga intarapti, drava (programu inayoendesha poti) inatuma nyingine. Kama BIOS imeipa poti IRQ (namba ya intarapti) 5 na drava inasikiliza 7, drava inakaa kusubiri mpaka ichoke ndipo ijaribu tena. Ndiyo huko kunyamaza unakokuona. Na umesema umeme ulikatika: hebu tazama saa ya mashine inasema mwaka gani. Ikiwa imerudi nyuma, batri imekufa na BIOS imesahau mipangilio yake.

siriali_daima
Mimi ningehama tu. LX-300+ ina matundu yote mawili, na kasi ya siriali ya 9600 (biti kwa sekunde) ni kama herufi 960 kwa sekunde, kichwa cha printa hiyo hakifiki hata nusu yake. Poti ya siriali kwenye SCO ni `/dev/tty1a`. Waya wa siriali unafika mita 15 bila wasiwasi. Paralali ya kawaida ukizidisha mita 3 anza kuomba dua. Ila XON/XOFF (ishara za "endelea" na "simama") iwekwe kwenye printa NA kwenye Unix. Mimi niliweka upande mmoja, bafa (kumbukumbu ya muda ya printa) ikijaa mistari inapotea katikati ya ankara, tukaja kugundua wakati wa kuhesabu stoo. Sitaki hata kukumbuka.

mama_mitandao
Mdogo wangu, mimi niko upande wa kisanduku. Kitu kama HP JetDirect 170X kinachomekwa kwenye tundu la paralali la printa yenyewe, SCO inatuma kwa LPD (njia ya kuchapa kupitia mtandao), unaipanga kwa `rlpconf`. Siku mkihamia Linux printa hamuigusi. Ubaya wake, SCO lazima iwe na TCP/IP na kadi ya mtandao inayoitambua. Kama haina, anza leo kutafuta kadi yenye drava ya 5.0.5, utajua hujui. Na mtu asikuuzie waya wa USB kwenda paralali, mashine hiyo USB haiijui kabisa.

karani_wa_stoo
Mzee, shikamoo! Saa ilikuwa imerudi Januari 1999. Nimeweka batri mpya ya CR2032, nikaingia BIOS: poti ilikuwa ECP (hali ya kasi), IRQ 5. Nimerudisha ya kawaida, 0x378, IRQ 7. Ilikataa tena kidogo kwa sababu foleni nilikuwa nimeizima mwenyewe 😅 Nikapiga `/usr/lib/lpsched`, halafu `enable`, sasa ankara inatoka kabla mteja hajatoa hela mfukoni. Tatizo jipya: bosi kashalipia kisanduku.

siriali_daima
Hela ya batri dhidi ya hela ya kisanduku. Haya.

mama_mitandao
Kisipotezwe, kifungie leza ya ofisini kama ni HP. Maandishi yakishuka kama ngazi kwenda kulia, ni kwa kuwa Unix inashusha mstari bila kurudisha kichwa pembeni. Kwenye skripti ya printa, kabla ya faili lenyewe, weka `echo "\033&k2G\c"`.

mzee_pini25
Marahaba. Batri ya zamani usiitupe droo moja na mpya, utakuja kuirudisha.