Historia ya Wachagga na mlima: aliyeandika ni nani, na mtu wa kawaida aanzie wapi kusoma?

Migombani_Kirua

Habari za jioni wadau. Mi naongoza wageni mlima Kilimanjaro, kituo changu ni Moshi, na ule msimu wa masika mlima ukipoa napeleka watu vijijini, Marangu kwenye mapango, Old Moshi, Materuni kwa kahawa na maporomoko. Sasa shida yangu ni hii, wageni wa sikuizi wanakuja wamesoma. Zamani ukimwambia mtu haya mapango wazee walijificha wakati wa vita na Wamasai anapiga picha safari inaendelea, sasaivi anakuuliza nani kasema, yalichimbwa lini, mbona kijiji cha pili wametusimulia vingine. Majuzi nimepata wageni wawili, mmoja anasoma Ujerumani na shahada yake yote ni Afrika, yaani historia, lugha, mimea, mila, kila kitu, akaanza kunitajia vitabu vya Wachagga vya kabla baba yangu hajazaliwa na mimi Mchagga wa Kirua hata kimoja sijawahi kukishika mkononi. Nikabaki nacheka tu namuonyesha ndizi za mbege.

Sasa naomba kujuzwa, historia yetu imeandikwa na nani hasa? Mtu wa form four mwenye Kingereza cha kuongelea na wageni aanze na kipi? Na je tuviamini hivyo vitabu, maana wazee wa Old Moshi wakisimulia habari za Mangi Meli (mangi ndo mtawala wetu wa zamani) na wa Marangu wakisimulia, utadhani ni nchi mbili tofauti.

chalii_wa_Ngarenaro

Mkuu we waambie tu mapango yalichimbwa na babu yako mwenyewe, tip inaongezeka 😂

Mwl_Mstaafu

Kijana umeuliza la maana, ngoja nijibu kwa kirefu kidogo, nimefundisha historia sekondari za hukuhuku mpaka nikastaafu na hili jambo limenikaa muda mrefu.

Kwanza ujue mlima huu ulianza kuandikwa kwa ubishi. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mwezi Mei 1848 akaandika kwamba juu kuna theluji, na kule London kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye Afrika yenyewe hakuwahi kukanyaga, akasema haiwezekani theluji karibu na ikweta, Rebmann kaona vibaya. Akaendelea kubisha miaka na miaka. Mchagga aliyekuwa anaiona hiyo theluji kila asubuhi akienda shamba hakuna aliyemuuliza. Hiyo iweke akilini ukisoma vyote vinavyofuata.

Wajerumani walipokuja, aliyeandika zaidi ya wote ni Bruno Gutmann, mchungaji wa misheni ya Leipzig. Alifika mwaka 1902 na akakaa hadi 1938, katikati akaondolewa na Waingereza baada ya vita kisha akarudi, muda mwingi alikuwa hapo Old Moshi. Kaandika kitabu kinene cha sheria za Wachagga, kimetoka 1926, halafu mafundisho ya jando ya vijana, juzuu tatu, miaka ya 1930. Mambo aliyoyaandika mle mengine hata wazee wako hawayajui tena, kwa sababu jando lenyewe lilishakufa. Ubaya ni Kijerumani, na kigumu. Na Gutmann alikuwa na lake, aliupenda Uchagga wa zamani kiasi kwamba kila kipya kwake kilikuwa uharibifu, pesa uharibifu, mji uharibifu, kwahiyo kwenye kitabu chake ukoo hauna ugomvi na mzee hana roho mbaya. Sasa wewe Mkirua unajua kesi za mipaka ya vihamba, yale mashamba yetu ya migomba, zilivyo 😄

Upande wa Waingereza yuko Charles Dundas, huyu alikuwa mtawala Moshi, kitabu chake cha 1924 ni chepesi kusomeka, na ndiye aliyewapa nguvu wakulima wa kahawa mpaka chama chao kikaanza 1925. Halafu Kathleen Stahl, 1964, yeye kaandika historia ya umangi mmoja mmoja, Kibosho, Machame, Marangu, Moshi, Rombo huko. Kwa kazi yako wewe hicho ndicho ningekushauri uanze nacho kama Kingereza kinapanda, maana utakuta jina la karibu kila kijiji unachopitisha wageni.

Lakini angalia Stahl kapata wapi. Alizungukia wazee, sawa, ila alitegemea pia madaftari ya Nathaniel Mtui, mwalimu wa Kilutheri wa Marangu aliyekaa na kuandika masimulizi ya wamangi tangu wakati wa Mjerumani. Ukiniuliza mimi mtafiti mkubwa wa kwanza wa historia ya Kilimanjaro ni huyo Mtui, na watu wengi hata Marangu kwenyewe hawamjui. Na hapa ndipo swali lako la mwisho linapopata jibu. Marangu ya wakati ule ni Marangu ya Mangi Marealle, rafiki wa Wajerumani, na Mangi Meli wa Moshi ndiye aliyewapiga Wajerumani 1892 hadi von Bülow akafa, wakarudi 1893 wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Old Moshi pamoja na wamangi na wakuu wengine. Wa Old Moshi wanasema alichongewa na Marealle. Sasa wewe mwenyewe fikiria, kalamu ikiwa Marangu hadithi inaandikwaje.

Cha Kiswahili kipo, Petro Itosi Marealle, "Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera", 1947. Anza na hicho hata kesho ukikipata. Kizuri mno kwa mila, kuzaliwa, kuoa, matambiko, vihamba. Ila naye ni Marealle, umenielewa.

Mjukuu_wa_Tsudini

Asante mwalimu shikamoo. Kwetu huku hatusemi "alichongewa", tunasema aliuzwa. Ila nimefurahi umeliweka wazi.

pikipiki_na_kitabu

Mi nitakuwa mbishi hapa samahanini. Hizi tafiti zina faida gani kwetu? Kila mwaka wanakuja na dodoso, mara mifongo (mifereji yetu ya maji), mara migomba, mara ndoa, bibi anakaa nao nusu siku anawapikia na chai, wanaondoka, hakuna hata karatasi moja inarudi kijijini. Afu mjukuu wa huyohuyo bibi akitaka kusoma alichosema bibi yake anaambiwa lipia dola, kwenye intaneti kimefungwa. Mimi naona mwenye historia ni mzee anayeisimulia, kitabu ni cha aliyekiuza.

Mwl_Mstaafu

Marhaba mjukuu. @pikipiki una haki ya kukasirika na sikupingi kwenye hilo la karatasi kutorudi. Mtafiti anayetaka kibali cha COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, anatakiwa aache nakala ya ripoti, lakini nakala ikikaa Dar bibi wa Uru inamsaidia nini. Ila hilo la mwenye historia ni mzee peke yake hapana. Mzee naye ana upande. Nimetoka kuonyesha hapo juu.

Natoka_Mto_wa_Mbu

Naongezea kutoka huku kwetu Arusha maana mada ni pana kuliko Uchagga. @pikipiki chukua mfano wa Engaruka, iko chini ya ukuta wa bonde la ufa, ukitoka Mto wa Mbu unanyoosha kaskazini kwenye vumbi. Kuna magofu ya mawe, matuta ya kulimia, mifereji, vijiji vizima vimepandana kwenye mteremko, mashamba yake kama kilomita za mraba 20. Watu waliishi pale wakilima kwa kumwagilia kwenye nchi kame kabisa, kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18 wakaondoka. Sasa ukiuliza wazee nani aliyejenga, Mmasai atakwambia walikuwepo watu wengine kabla yetu, wengine wanasema Wairaqw, wengine Wasonjo kwa vile wao mpaka leo wanamwagilia kwa mifereji. Kila mtu ana babu yake pale. Bila kuchimba hayo mawe hayana umri.

Lakini pia msidhani wachimbaji wanakubaliana wao kwa wao. Louis Leakey alifika 1935 akakadiria walikuwepo watu zaidi ya 30,000. Baadae akaja John Sutton na wenzake wakaangalia kwamba sio mashamba yote yalilimwa kwa wakati mmoja, walikuwa wanahama maji yakipungua wanafungua pengine, ikashuka kuwa elfu chache tu. Mahali palepale, mawe yaleyale. Ndo maana mi napenda hii kazi, mtu anakuja anamkosoa aliyemtangulia na ushahidi uko chini unaonekana, sio ugomvi wa ukoo.

Na Gofu la Engaruka mgeni akifika anakuta ng'ombe wamelala kwenye matuta ya miaka 500, hakuna uzio wa maana. Hilo nalo wahusika walitazame.

mimea_na_barafu

Nasoma chuo huku Arusha, mambo ya mazingira, nidakie kwenye asili maana mgeni wako lazima atakuuliza barafu.

Barafu ya Kibo, kile kilele kirefu cha mlima, mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 11 na ushee, 2011 ikabaki chini ya 2. Mwaka 2000 Lonnie Thompson alitoboa barafu kule juu akatoa nguzo zake, akasema ya chini kabisa ina miaka kama 11,700, na kwamba hali ikiendelea itaisha kati ya 2015 na 2020. 2020 imepita na vipande bado vipo, kwahiyo waongozaji wanaoendelea kuwaambia wageni "wanasayansi wamesema 2020" waache, mgeni anaangalia juu anaiona. Haimaanishi iko salama, inaisha kweli. Na sababu sio joto tu kama tunavyoimba, kule juu ni baridi, kilichoanza kuiua ni ukame tangu mwisho wa karne ya 19, theluji mpya hainyeshi ya kutosha na ile iliyopo jua linaipeperusha kuwa mvuke bila hata kupita kwenye maji.

Alafu kuna Andreas Hemp, Mjerumani wa mimea, amezunguka huu mlima miongo kadhaa. Ndiye aliyetangaza na wenzake mti mrefu kuliko yote Afrika, uko kwenye korongo la Kilimanjaro, mita 81.5, jina la kitaalamu Entandrophragma excelsum. Na kwenye vihamba, zile shamba zetu za migomba na kahawa chini ya miti, kahesabu aina za mimea zaidi ya 500 na nyingi hazijapandwa na mtu, zimebaki humo msitu ulipokatwa. Vihamba vya Shimbwe Juu viliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Kaka wewe unawapeleka watu Materuni ni jirani tu hapo! Uza hiyo.

Migombani_Kirua

Aisee nimeshukuru sana, nimescreenshot yote. Mwalimu shikamoo. Hiyo ya kalamu kuwa Marangu sijawahi kuifikiria, mi nilikua nadhani wazee wa upande mmoja wamesahau tu. Ile ya 2020 nimeisema sana hii, naiacha leo.

Swali la nyongeza, vile vichwa vya Ujerumani vimefikia wapi? Wageni wa kijerumani wanaliuliza wao wenyewe kwa aibu na sijui niwajibu nini.

Mjukuu_wa_Tsudini

Hilo nalijua, ni letu. Baada ya kunyongwa Mangi Meli, familia inasema kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, mjukuu wake Isaria Meli akakitafuta miaka mingi sana, akatoa mpaka sampuli ya DNA. Wakati ule wazungu walikuwa wanakusanya mafuvu makoloni yote eti kwa ajili ya sayansi, wapime kichwa wajue mtu ni mbari gani. Mkusanyaji mkubwa pale Berlin alikuwa von Luschan. Yalihamishwa hospitali na makumbusho mpaka 2011 yakawa chini ya taasisi ya urithi wa Prussia hapo Berlin, wakapitia kama mafuvu 1,100 ya Afrika Mashariki. Septemba 2023 wakatangaza moja limelingana kabisa na familia ya Akida, mshauri wa Mangi Meli, na mengine yakaonyesha undugu na ukoo wa Mangi Molelia. La Meli mwenyewe halikuwemo kwenye yaliyolingana. Mgeni akikuuliza mwambie hivyohivyo, kwamba huo nao uliitwa utafiti kuhusu Afrika.

Na umpeleke Old Moshi kwenye mti aliponyongewa, kuna sanamu ya Mangi, wenyeji wanaeleza wenyewe.

pikipiki_na_kitabu

Hapo sasa mmenikuta. Kunyamaza kwangu kusije kukasomwa ni kukubali lakini 😂 bado nasema karatasi zirudi.

Kitu kimoja cha bure nikupe mleta mada, picha. Chuo cha USC kule California wana maktaba ya mtandaoni ya picha za wamisionari, na za Leipzig zimo, Kilimanjaro ya tangu miaka ya 1890, wamangi, mifereji, makanisa yanajengwa, akina mama sokoni. Haifungwi, huhitaji kulipa. Zimeandikwa Kijerumani ila majina ya vijiji yanasomeka, Mamba, Moshi, Machame na kadhalika. Mimi nilimuonyesha mzee mmoja kwenye simu akaanza kunitajia majina ya waliokaa mstari wa mbele.

Mwl_Mstaafu

Ukamrekodi?

pikipiki_na_kitabu

Bundle iliisha mwalimu. Ila mzee yupo, Kilema, jumamosi huwa hatoki.

Migombani_Kirua

Jumamosi sina wageni. Kilema juu au Kilema chini? Nakuja na simu mbili, mwalimu kama una nafasi nakupitia stendi saa tatu.