Hisa za Stanbic Uganda: ninunue, au nibaki na hatifungani za serikali?

Mleta mada, Kampala
Wakuu, salaam. Ninayo akiba ya shilingi milioni 6 ambayo sitaihitaji kwa miaka kadhaa, nami nimezitupia jicho hisa za Stanbic, benki iliyoingia soko la hisa la Uganda mwaka 2007. Hisa moja huuzwa kwa makumi ya shilingi tu, ilhali faida ya benki inapanda. Je, si bei ya kutupa hiyo? Naomba ushauri wa waliotangulia.

Mhasibu wa Ntinda
Ndugu, udogo wa bei hauna maana yoyote mpaka uuzidishe kwa idadi ya hisa, ambazo sasa zimezidi bilioni 51. Hisa ikiuzwa shilingi 60, soko linaithamini kampuni nzima kwa trilioni 3 na ushei. Kiasi hicho ndicho cha kugawanya kwa faida ya mwaka ili ujue unalipia faida ya miaka mingapi.

Halafu linganisha gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, na riba ya hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali, baada ya kodi, si kabla. Gawio la kampuni iliyo sokoni hukatwa asilimia 10 kwa mtu binafsi. Riba ya hatifungani hukatwa asilimia 20, isipokuwa zile za miaka 10 na kuendelea, ambazo hukatwa 10. Tena riba ni deni la serikali kwako, lakini gawio ni uamuzi: mwaka 2020, wakati wa korona, Benki Kuu iliagiza mabenki yaahirishe kulipa gawio, na wanahisa wakasubiri.

Mdau wa Jinja
Naunga mkono, ila msisahau kwamba benki yenyewe hununua hatifungani hizo hizo kwa fedha za wateja, kwa hiyo mwenye hisa hajaikwepa serikali kama anavyodhani. Katika ripoti ya mwaka mimi huanza na mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawailipi, kisha ndipo natazama faida.

Mleta mada
Nashukuru sana. Na nikitaka kuuza?

Mhasibu wa Ntinda
Hapo ndipo penye kazi. Asilimia 80 ya hisa iko mikononi mwa Standard Bank ya Afrika Kusini, na zilizobaki nyingi wenyewe hawaziuzi, hivyo biashara ya kila siku ni ndogo na wanunuzi huwa wachache. Mpe dalali bei ya chini unayoikubali, usimwambie auze kwa bei yoyote. Ada yake utailipa ukinunua na ukiuza pia, kwa hiyo fedha ya karo ya muhula ujao isiingie humo.